Ploti Hii Haiuzwi: Mizani ya Mnunuzi wa Ardhi Ngoingwa

Katika viunga vya Thika, kuanzia Ngoingwa hadi Ruiru, ipo sentensi moja ya Kiswahili ambayo wenye ardhi huipaka rangi kwenye kuta, malango na vibao vya mabati: "Ploti hii haiuzwi." Mgeni huenda akastaajabu kwa nini mtu atangaze asichokiuza. Mwenyeji hastaajabu. Anajua kuwa mwenye ploti huenda yuko Nairobi, Mombasa au ng'ambo, na kwamba akiwa huko, mtu mwingine anaweza kumleta mnunuzi, akamwonyesha mipaka, akamkabidhi nakala ya hati na kuzipokea pesa zake. Sentensi hiyo ni kauli ya mtu aliye na hatimiliki lakini asiyeamini kuwa hatimiliki pekee itamlinda. Hatua chache kutoka hapo aghalabu husimama bango la pili, lenye rangi za kuvutia na picha ya nyumba ambayo bado haijajengwa, likiahidi kwa Kiingereza hati iliyo tayari, maji, umeme na barabara ya lami. Ahadi huandikwa kwa Kiingereza. Onyo huandikwa kwa Kiswahili. Wanafunzi wa isimujamii wanaotafuta mada ya tasnifu hawana haja ya kwenda mbali.

Wahenga walinena kuwa tahadhari kabla ya hatari. Hata hivyo, si kweli kwamba mnunuzi wa kawaida wa ardhi katika eneo hili hana habari za hatari. Magazeti na redio humweleza kila juma, na karibu kila ukoo una shangazi au binamu aliyeuziwa hewa. Kasoro iko kwenye mizani yake. Huanza kwa kuuliza iwapo bei itapanda, kisha huuliza umbali wa lami, kisha kodi ya nyumba atakayoijenga, na mwishoni kabisa, akiwa tayari ameshaanza kulipa, huuliza habari za hati. Utaratibu unaofaa ni kinyume cha huo. Swali la kwanza ni iwapo kuna uwezekano wa kupoteza kila kitu. La pili ni nani ataanguka pamoja naye. La tatu ni ardhi hiyo itamlipa nini kila mwaka. Suala la bei lije mwisho, kwa kuwa ndilo ambalo hakuna binadamu anayeweza kulijibu kwa yakini.

Ngoingwa ni mfano mwema kwa sababu si mahali pa ovyo. Ni kitongoji cha makazi kilicho kando ya barabara ya Thika kuelekea Mang'u, chenye nyumba nzuri na familia za walimu, wauguzi, wafanyabiashara na wahadhiri. Thika yenyewe iko kilomita 40 na ushei kutoka Nairobi, na ujenzi wa barabara kuu iliyoanza kupanuliwa mwaka 2009 na kufunguliwa rasmi Novemba 2012 uliifanya safari iliyokuwa adha kuwa jambo la kila siku. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko mjini, cha Jomo Kenyatta kiko Juja, na wanafunzi wao wanahitaji pa kulala. Aliyenunua hapa kabla ya barabara hiyo na hati yake ikawa safi, alifanya vyema, wala hakuna anayeweza kumwambia vingine. Lakini masimulizi yanayovuma ni ya waliofaulu. Aliyefaulu huhadithia harusini na mazishini; aliyepoteza hunyamaza, hasa ikiwa mkewe hakujua.

Ili kuelewa hatari ya kwanza, hapana budi kurudi nyuma kidogo. Sehemu kubwa ya ardhi kati ya Ruiru na Thika ilikuwa mashamba ya walowezi, ya kahawa na mkonge. Baada ya uhuru, mashamba mengi ya aina hiyo katika Kenya ya kati na Bonde la Ufa yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika ambavyo watu wa kawaida walichanga pesa na kupewa vyeti vya hisa. Alama za historia hiyo zimo ndani ya nambari za ardhi hadi leo: huko Ruiru, hati nyingi zina jina la Githunguri katika mabano, ingawa Githunguri yenyewe iko kwingine kabisa. Jina hilo linatokana na kampuni ya wanahisa iliyonunua shamba kubwa na kuligawa. Kati ya cheti cha hisa, kura ya kugawana viwanja, ramani ya mpimaji na hatimiliki, palikuwa na safari ya miaka mingi. Wanahisa walifariki, vyeti vikarithiwa bila mirathi kukamilishwa, viongozi wa kampuni wakateta, na katika baadhi ya mashamba kiwanja kimoja kikapata wenyewe wawili, kila mmoja akiwa na karatasi na shahidi. Ardhi ya aina hii si mbovu yote. Iliyo nyingi ni safi. Lakini anayeinunua leo hununua pia historia yake, apende asipende.

Kwa miaka mingi Wakenya walifarijika kwa imani kuwa hatimiliki ikishatolewa basi imetolewa. Imani hiyo ilianza kutikiswa na ripoti ya tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyowasilishwa mwaka 2004, ambayo ilikadiria kuwa takriban hati 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya mwaka 1962 na 2002. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, ikatamka kuwa ulinzi wa mali hauhusu mali iliyobainika kupatikana isivyo halali. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 nayo inaichukulia hati kuwa ushahidi wa umiliki, ila inaruhusu ifutwe ikiwa ilipatikana kwa njia haramu, bila kufuata utaratibu au kwa ufisadi. Kisha, Aprili 2023, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ardhi yenyewe, iliyoko Nyali, ilikuwa awali imegawiwa rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, ikauzwa, ikauzwa tena. Mahakama iliamua kuwa kwa vile ugawaji wa kwanza haukuwa halali, mnunuzi wa mwisho hakuweza kujikinga kwa kudai kuwa alinunua kwa nia njema. Septemba mwaka uo huo, katika kesi ya kampuni ya Torino, mahakama hiyo hiyo ilisisitiza kuwa barua ya ugawaji si hatimiliki.

Uzito wa maamuzi hayo haujamfikia mnunuzi wa ploti ya futi hamsini kwa mia. Maana yake kwake ni hii: haitoshi kujua kwamba muuzaji ana hati halisi. Yampasa ajue hati hiyo ilizaliwa vipi. Waliobomolewa nyumba Syokimau Novemba 2011, na wengine huko Mavoko Oktoba 2023 kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, hawakuwa wote wajinga. Wengi walikuwa wamelipa, wamejenga na kuhamia. Hasara ya aina hiyo haiwi ya asilimia kumi wala ishirini. Nyumba huenda, ardhi huenda, na deni husalia.

Kwa hiyo upekuzi wa rejesta katika afisi ya usajili wa ardhi ni mwanzo tu wa kazi. Upekuzi huonyesha jina la mwenye ardhi siku hiyo, na iwapo ipo rehani au kizuizi kilichowekwa na mtu anayedai haki. Hauonyeshi mlolongo wa wenyewe waliotangulia. Hilo hupatikana katika kumbukumbu ambazo watu wa afisi huziita kadi ya kijani. Hauonyeshi kama ploti anayotembezwa mnunuzi ndiyo iliyo katika ramani, na ndiyo sababu ya kumlipa mpimaji ayatafute mawe ya mipaka. Si mara moja ambapo mtu ameonyeshwa kiwanja kilicho kando ya lami kisha akauziwa kilicho bondeni. Hauonyeshi pia iwapo muuzaji ana mke au mume ambaye ridhaa yake inahitajika. Ardhi ikiwa bado ya kilimo, kuna kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi chini ya sheria ya mwaka 1967, ambacho wengi hukiona kuwa urasimu mtupu mpaka siku wanaposikia kwamba bila kibali hicho mkataba wao ni batili.

Suala la mirathi lahitaji kutajwa peke yake. Maeneo haya yana wazee wengi walioaga dunia hati zikiwa bado kwa majina yao. Watoto huelewana, humwita dalali, huuza. Sheria ya Urithi haina mzaha hapo: kugusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai, na mnunuzi aliyepewa mkono na ndugu watatu anaweza kushtakiwa na wa nne aliyekuwa Eldoret. Bei ya ardhi hizo huwa ya chini kidogo kuliko za jirani. Huo unafuu ndio bei ya hatari, ingawa bango haliuiti hivyo.

Hatari ya pili ni deni, nayo inawahusu zaidi wasomaji wa jarida hili, kwa kuwa wengi wao watakuwa walimu. Chukulia mwalimu wa shule ya upili aliyefanya kazi miaka saba. Anachukua mkopo wa shilingi milioni 1.5 katika chama cha akiba na mikopo, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio, alipe kwa miezi 72. Kila mwezi atakatwa shilingi 29,300 hivi, na kwa jumla atakuwa amelipa takriban milioni 2.11. Ongeza ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 katika maeneo ya mji, ongeza wakili na mpimaji. Ili mwalimu huyo asiwe amepata hasara, ploti lazima baada ya miaka sita iuzwe kwa zaidi ya milioni 2.2, na akiuza kwa faida, tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza mshahara kukatwa zaidi ya thuluthi mbili. Kwamba sheria ililazimika kusema hivyo kunaeleza mengi kuhusu jinsi watu wanavyokopa.

Zaidi ya hayo, mkopo huo una wadhamini. Ni walimu wenzake watatu au wanne waliotia sahihi katika chumba cha walimu, baina ya vipindi, bila kuiona ploti yenyewe. Akishindwa kulipa, akiba zao ndizo zitakazoliwa. Hapa pana tofauti ambayo haizungumzwi sana. Benki inapotoa mkopo wa rehani, humtuma mthamini, hufanya upekuzi na huweka wakili wake, maana ardhi ndiyo dhamana yake. Chama kinapokopesha kwa wadhamini, hakina haja kubwa ya kuichunguza ardhi, kwani dhamana yake ni mishahara ya watu. Mwishoni mwa mwaka 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya rehani takriban 30,000 pekee, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Wanunuzi walio wengi, basi, hununua bila jicho la pili la mtaalamu ambaye pesa zake mwenyewe zimo hatarini.

Thika ina kumbukumbu chungu ya mahali ambapo akiba na ardhi vilichanganywa katika kapu moja. Chama cha Ekeza, kilichokuwa na mizizi mjini humo na uhusiano wa karibu na biashara ya kuuza viwanja, kilifutiwa leseni mwaka 2018, na maelfu ya wanachama wakabaki wakidai akiba zao. Ni vyema ieleweke kuwa wengi wa wanachama hao hawakuwa walafi. Walikuwa watu wa kuweka shilingi mia moja mia moja, wakitaka ploti kwa njia iliyoonekana kuwa ya busara.

Hatari ya tatu haina kishindo, ndiyo maana hupuuzwa. Mtu akinunua kiwanja kwa milioni 2.5 na kujenga nyumba kwa milioni 5, kisha akaipangisha kwa shilingi 30,000 kwa mwezi, hujiona tajiri mdogo. Hesabu husema vingine. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu, mapato ya mwaka ni 330,000. Kodi ya mapato ya pango, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, huondoa karibu 25,000. Ukarabati, rangi, tangi la majitaka na mlinzi vikichukua 50,000, husalia kama 255,000. Hiyo ni asilimia 3.4 ya milioni 7.5 alizozika pale. Februari 2024 serikali iliuza dhamana ya miundombinu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi, na mtu aliweza kuanza na shilingi 100,000. Ni kweli kwamba wakati ule ulikuwa wa kipekee na riba zilishuka baadaye. Lakini hata nusu ya riba hiyo ingezidi maradufu pango la Ngoingwa. Ni kweli pia kwamba dhamana haipandi thamani kama ardhi inavyoweza kupanda. Ila neno "inavyoweza" ndilo lenye kubeba mzigo wote, na mabango hulifuta.

Kuna watakaopinga kuwa hesabu za namna hii zinaikosea ardhi heshima. Watasema, na si bila sababu, kuwa ardhi ni zaidi ya riba: ni mahali pa kujenga, pa kuzeekea, pa kuwaachia watoto, kwamba katika nchi ambayo wazazi wao walinyang'anywa ardhi na mkoloni, kumwambia mtu anunue karatasi ya serikali badala ya shamba ni kumwambia asahau. Hoja hiyo ina nguvu, na makala haya hayakusudii kuibeza. Anayenunua ili aishi ana mizani tofauti na anayenunua ili auze. Wa kwanza anaweza kustahimili bei ikilala miaka kumi, mradi hati ni safi na deni linalipika. Wa pili hawezi. Shida ni kwamba wengi hawajiamulii wao ni wa kundi lipi. Hununua kwa moyo wa wa kwanza na mkopo wa wa pili, na wanapobanwa na ada za shule hugundua kuwa ploti haiuzwi upesi. Mnunuzi wa kweli, mwenye pesa taslimu, huja baada ya miezi, pengine mwaka, naye huja akijua kuwa muuzaji ana dhiki.

Suala la lugha, ambalo makala haya yalianza nalo, si la pembeni. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinasema kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Pamoja na hayo, hatimiliki ya Kenya imeandikwa kwa Kiingereza, na mikataba ya mauzo huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili ambacho hata mwenye shahada hukisoma kwa kukisia. Mnunuzi na muuzaji hujadiliana kwa Kiswahili au Kikuyu, hukubaliana kwa Kiswahili au Kikuyu, kisha hutia sahihi kitu kingine. Kati ya mazungumzo na sahihi hupotea mambo: kwamba asilimia 10 iliyolipwa kama arubuni huenda isirudishwe mnunuzi akichelewa, kwamba ardhi inauzwa "kama ilivyo". Tanzania, ambayo mwaka 2021 ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, ina matatizo yake tele ya ardhi, lakini mwanakijiji aliyepewa Hati ya Hakimiliki ya Kimila anaweza kuisoma mwenyewe.

Idara za Kiswahili zilizo kando ya barabara hii zimewafundisha watu kutafsiri riwaya, hotuba na vijikaratasi vya dawa. Istilahi za ardhi zipo: hatimiliki, rehani, kizuizi, arubuni, mirathi, mpaka, ridhaa ya mwenza. Kinachokosekana ni kielelezo cha mkataba wa mauzo kwa Kiswahili sanifu, kilichokaguliwa na wakili, ambacho mwalimu wa Ngoingwa angeweza kukiweka kando ya kile cha Kiingereza na kuuliza kifungu kwa kifungu kabla ya kulipa. Fomu ya kuombea upekuzi nayo ni fupi. Darasa moja la tafsiri lingeimaliza katika alasiri moja, na wadhamini wanne katika chumba cha walimu wangeisoma kabla ya kengele ya kipindi kinachofuata.